Nimeacha Kuipima Jamu kwa Macho

Mimi ni mama wa Lushoto, mke wa mkulima, na jamu ndiyo iliyowasomesha wanangu. Naandika kushuhudia jambo lililobadilika jikoni kwangu, likabadilisha pia namna ninavyozungumza na wateja na kinamama wenzangu wa kikundi. Zamani nikiulizwa jamu nzuri ni ipi, jibu lilikuwa mdomoni: ni ile ambayo matunda yake yametawanyika sawasawa, kutoka juu ya chupa hadi chini. Leo jibu langu ni jingine.

Kwa wasiopajua kwetu, Lushoto iko kwenye milima ya Usambara, mkoani Tanga, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, na baridi yetu iliwafaa wao na miti yao. Ndiyo maana huku tuna plamu, pichi, peasi na tufaha, matunda ambayo mtu wa Tanga mjini huyaona yakishushwa kwenye matenga tu. Plamu huiva kwa mkupuo, mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata. Zikiiva zimeiva: wiki hii bado ngumu, wiki ijayo zimetapakaa chini ya mti na nyigu wanazigombania. Bei inashuka mpaka mkulima anaona heri zioze shambani kuliko kumlipa mbebaji. Hapo ndipo jamu inapoingia. Sukari, moto na chupa vinaokoa kile ambacho soko limekikataa.

Jamu nilifundishwa na mama mkwe, naye alifundishwa na masista wa misheni alipokuwa msichana. Utaratibu wake ulikuwa wa polepole. Plamu mbivu zinaoshwa, zinapasuliwa, zinatolewa kokwa, zinakatwa vipande vidogo. Kisha zinalazwa kwenye sukari usiku kucha, ndani ya beseni lililofunikwa kwa kitambaa, pahali penye ubaridi. Asubuhi ukifunua, vipande vimenywea na vinaelea katika maji yao wenyewe, mekundu kama yalivyotoka tundani, na sukari yote imeyeyuka. Baada ya hapo ndipo moto unawashwa. Jamu ikiiva anaitia kwenye chupa, kisha anayeyusha mshumaa mweupe na kuumimina juu kuwa kizibo. Tulikula jamu hiyo miaka mingi, na pale ukungu ulipoota pembeni mwa mshumaa tuliukwangua tukaendelea kula.

Kisha likaja kundi. Kinamama wa kijijini tuliungana, tukachanga sufuria kubwa, tukapata oda ya duka moja la Tanga mjini. Oda ina haraka zake. Mabeseni ya kulaza matunda hayakutosha, na kusubiri usiku kucha kulionekana ni kupoteza muda wakati plamu nyingine zinaoza uani. Tukaanza kukata vipande vikubwa, kwa kuwa mteja anapenda kuliona tunda, na kuvitumbukiza moja kwa moja kwenye sukari iliyokwisha kuchemka. Kazi ikawa nyepesi, chupa zikajaa.

Asubuhi yake chupa zilikuwa zimegawanyika. Juu, theluthi nzima, vipande vimebanana chini ya kifuniko, ngozi zimejikunja. Chini yake shira tupu, nyekundu, safi kiasi kwamba ukiweka gazeti nyuma ya chupa unaona herufi. Kwa kuitazama dirishani ilipendeza. Kwa kuiuza ilikuwa balaa. Mwenye duka alitupigia simu.

"Dada zangu, hii jamu mmeichanganya na maji?"

"Hapana kaka, ni matunda na sukari tu."

"Basi wateja wangu hawaamini. Wanasema wanalipia chupa nzima, wanapata tunda nusu chupa."

Katoni zikarudi na basi. Tangu siku hiyo kikundi chetu kikawa na ugonjwa mmoja: matunda yasipande juu. Kila mtu alileta dawa yake. Mmoja alisema tuiache jamu ipoe ndani ya sufuria mpaka ianze kuwa nzito, ndipo tuijaze. Mwingine akasema tuzisimamishe chupa kichwa chini, miguu juu, matunda yapande upande wa pili, kisha tuzigeuze. Mwingine akashauri kuzitikisa zikiwa za moto. Kuna aliyeleta wanga wa mahindi wa kufanya shira iwe nzito kama uji, na kuna aliyesema jelatini ndiyo wanayotumia wa viwandani. Tulizijaribu karibu zote, na niseme kweli, baadhi zilifanya kazi. Matunda yalitulia, chupa zikapendeza, na mwenye duka akazipokea.

Kilichofuata hakikuonekana kwa macho. Huku kwetu kwenye baridi chupa zilikaa kimya. Zilipofika Tanga, penye joto na unyevu, baadhi zikaota ukungu kifunikoni. Nyingine vifuniko vyake vilivimba, na moja ilipofunguliwa ilitoa povu na harufu ya pombe. Hakuna aliyeugua, namshukuru Mungu. Lakini mwenye duka safari hii hakupiga simu. Alinyamaza tu, na oda ikakatika.

Mabadiliko yangu yalianzia kwenye mafunzo ya usindikaji wa vyakula tuliyoalikwa kinamama wa vikundi mbalimbali. Mwalimu alikuwa mama mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Tulibeba chupa zetu, zile zilizogawanyika na zile zilizotulia, tukampangia mezani. Tukamwambia: Mwalimu, sisi shida yetu ni moja, tufundishe matunda yasielee.

Hakuyatazama matunda. Alipitisha kidole gumba juu ya kila kifuniko, akibonyeza katikati. Baadhi vilikuwa vimeingia ndani na havikutikisika. Vingine vilibonyea na kurudi, tik, tik. Alizitenga chupa pande mbili, na tuliposogea kutazama tukaona ajabu: upande wa chupa alizozikataa ndiko zilikokuwa nyingi za zile nzuri, za matunda yaliyotawanyika. Upande wa alizozikubali kulikuwa na zile zilizogawanyika, zilizokataliwa na duka.

"Hizi," akasema akionyesha zilizogawanyika, "zina tatizo la sura. Hizi nyingine zina tatizo la usalama. Mnaniomba niwatibu sura, na hiyo ni rahisi. Lakini tuanze na lile linaloweza kumpeleka mtu hospitali."

Baadaye alichukua bilauri mbili. Moja akaitia maji ya kawaida, nyingine akaitia shira nzito ya sukari. Akakata plamu mbichi vipande. Kimoja akakitia kwenye maji, kikazama polepole hadi chini. Cha pili akakitia kwenye shira, kikapanda juu na kubaki hapo. Alikisukuma chini kwa kijiko, kikarudi. Kisha akachukua kipande kilicholazwa kwenye sukari tangu jana yake na kupikwa, kimelainika na kuwa kama kioo cha rangi, akakitia kwenye ile ile shira. Kikaning'inia katikati, hakizami wala hakipandi.

Maelezo yake yalikuwa mafupi. Tunda bichi limejaa maji, na katikati ya nyama yake kuna hewa. Uzito wake, ukilinganisha kwa ujazo, unakaribiana na wa maji. Shira ya jamu iliyoiva ina sukari kama asilimia 65, na lita yake moja ina uzito wa kilo 1.3 hivi. Kwa hiyo kipande kibichi ndani ya shira ni kama dumu tupu baharini: ulizamishe utakavyo, litapanda. Dawa ni hewa itoke na sukari iingie, mpaka uzito wa ndani ya kipande ulingane na wa nje. Sukari haiingii kwa kulazimishwa. Inaingia kwa muda, na inaingia upesi zaidi kwenye tunda lililoiva, lililokatwa dogo au kupondwa, kuliko kwenye pande kubwa lenye ngozi.

Nilipomsikia nilimkumbuka mama mkwe na mabeseni yake. Kumbe ule usiku mmoja wa kulaza, tulioufuta kwa haraka ya oda, ndio uliokuwa ukifanya kazi hiyo yote. Sukari inavuta maji kutoka tundani, tunda linanywea, hewa inatoka, na lenyewe linaanza kunywa sukari kabla moto haujawashwa. Mzee wetu hakuwa na kipimo chochote mkononi, lakini kwa upande wa sura ya jamu alikuwa ameshika njia iliyo sawa.

Jambo la pili ni kuganda. Jamu inagandishwa na pektini, ambayo matunda mengi yanayo kwa asili, ikikutana na asidi ya kutosha na sukari ya kutosha. Ikiganda vizuri inakishika kipande pale kilipo. Ikipungua nguvu, vipande vinapata muda wa kusafiri. Plamu zetu zina pektini nyingi, stroberi zina kidogo, na ndiyo maana jamu ya stroberi inasifika kwa kupandisha matunda. Tunda lililoiva kupita kiasi limepoteza sehemu ya pektini yake. Kwa hiyo kwenye plamu za jamu tunaweka robo ambazo hazijaiva sana, ila hizo tunaziponda kabisa zisibaki vipande vya kuelea.

Baada ya hapo mwalimu alizichukua dawa zetu moja moja. Kuiacha jamu ipoe sufuriani? Jamu lazima iingie chupani ikiwa ya moto, isipungue nyuzi 85 za Selsiasi, kwa sababu joto hilo linasaidia kuua vijidudu na kuitoa hewa iliyo juu ya chupa. Ukingoja ipoe, unaipa nafasi mbegu ya ukungu iliyomo hewani iingie pamoja nayo. Kugeuza chupa kichwa chini? Jamu inaingia kati ya mdomo wa chupa na mpira wa kifuniko, mzibo unakuwa dhaifu, na siku yoyote unaachia. Kutikisa chupa za moto ni hivyo hivyo: unavuruga mzibo kabla haujashika, na unavunja kuganda kulikokwisha kuanza.

Wanga wa mahindi je? Ukiifanya shira iwe nzito kama uji, joto linachelewa kufika katikati ya chupa wakati wa kuchemsha, na muda ulioandikwa kwa ajili ya jamu hautoshi tena. Jelatini yenyewe inayeyuka kwenye joto la nyuzi thelathini na kitu, yaani mchana wa kawaida wa Tanga. Tena inatoka kwa mnyama, na mteja Mwislamu ana haki ya kujua ni mnyama gani. Hata ule mshumaa wa mama mkwe aliugusa, kwa heshima. Nta inaposinyaa inaacha upenyo mwembamba pembeni, na ukungu unapitia humo. Kukwangua ukungu na kula kilichobaki nako alitukataza. Unachokiona juu ni sehemu tu, na ukungu wa aina fulani unaacha sumu ndani ya chakula. Chupa yenye ukungu inatupwa yote.

Kuna somo moja ambalo kwetu watu wa milimani lilikuwa jipya kabisa. Vitabu vya mapishi vinasema jamu imeiva ikifika nyuzi 105 hivi. Hiyo ni jamu ya pwani. Kadiri unavyopanda mlima, maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, kama nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Lushoto maji yanachemka kwenye nyuzi 95 na kidogo. Mpishi wa huku anayengoja 105 anaunguza sukari na kupata gundi ya kahawia. Kanuni ni hii: pima maji yako mwenyewe yanapochemka, kisha ongeza nyuzi nne na nusu. Kwetu inakuja karibu 100. Asiye na kipimajoto atumie sahani iliyokaa kwenye friji. Unadondosha jamu kidogo, unaondoa sufuria motoni ukingoja, kisha unaisukuma kwa ncha ya kidole. Ikikunjana usoni kama ngozi, imeiva. Ikirudi na kujaza njia ya kidole, bado.

Mlima huo huo unabadilisha muda wa kuchemsha chupa zilizojazwa. Chupa ndogo za jamu za robo lita, zilizofungwa, zinachemshwa ndani ya maji yanayozifunika kwa sentimita mbili na nusu juu ya kifuniko, na saa inaanza kuhesabiwa maji yakisharudi kuchemka sawasawa. Pwani, dakika 5 zinatosha ikiwa chupa tupu zilichemshwa kwanza dakika 10. Kuanzia mita 300 hivi hadi 1,800, ndiko tuliko sisi, ni dakika 10. Juu ya hapo, kama Njombe au Limuru, ni dakika 15. Sababu ni ile ile: maji ya mlimani yanayotokota si ya moto kama ya baharini, kwa hiyo kazi yake inachukua muda zaidi.

Niliporudi nyumbani shughuli ngumu haikuwa kupika. Ilikuwa kumwambia mama mkwe habari ya mshumaa. Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umejifunza nini huko?"

"Nimejifunza kwamba kulaza matunda usiku kucha ni lazima. Mwalimu amekusifu bila kukujua."

Alicheka, akaendelea kuchambua. Nikamwambia na lile la pili, la mshumaa na ukungu. Alikaa kimya kidogo. "Sisi tulitumia tulichokuwa nacho," akasema. "Vifuniko vya kukaza tungevipata wapi? Kama leo vipo, tumieni." Kisha akaongeza, "Ila chupa zangu zile za zamani usizivunje." Nikamwahidi, na bado zipo. Tunawekea chumvi na tangawizi.

Siku hizi kazi yetu inakwenda kwa mpango huu. Jioni tunachagua plamu zilizoiva bila michubuko, tunakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi bichi au kuponda kabisa, tunapima kwa mizani matunda na sukari, tunatia maji ya limau kama mapishi yanavyotaka, tunafunika na kuweka penye baridi. Asubuhi tunapika kwa mafungu madogo, maana sufuria iliyojaa sana inachelewa kuiva na rangi inakufa. Jamu ikipita mtihani wa sahani, tunaiondoa motoni, tunaengua povu, halafu tunaikoroga polepole kwa mwiko kwa muda usiozidi dakika 5. Hapo ndipo vipande vinapopata nafasi ya mwisho ya kutulia, na jamu bado ni ya moto. Tunajaza chupa safi zilizotunzwa kwenye maji ya moto, tukiacha nafasi ya nusu sentimita na ushee juu. Tunafuta mdomo wa chupa kwa kitambaa safi, tunafunga kwa kifuniko kipya, tunachemsha. Zikitoka zinasimama wima kwenye kitambaa, hazigeuzwi wala hazitikiswi, mpaka kesho yake. Chupa tunaweza kuirudia tena na tena. Kifuniko hapana, kwa kuwa mpira wake ukishabanwa mara moja hauaminiki.

Kesho yake ndipo kidole gumba kinapopita. Kifuniko kilichoingia ndani kinapata lebo. Kinacholia tik kinakwenda friji, tunakila nyumbani upesi.

Kwa njia hiyo hiyo tumeongeza mamaledi ya machungwa ya Muheza. Nayo ina ugomvi wake wa maganda kuelea. Siri ni kuyachemsha maganda kwenye maji mpaka yapondeke kwa vidole kabla ya kutia sukari. Ukitangulia kutia sukari, ganda linakakamaa, haliingii shira, na litaelea hata ukikoroga mpaka jioni.

Yapo na mambo ambayo tunayakataa hata mteja akiyaomba. Mteja mwenye kisukari anasema, mama, nipunguzie sukari nusu. Namwelewa, lakini sukari ndani ya jamu si ya utamu peke yake. Ndiyo inayoyashika maji ili ukungu na hamira visiyapate, na ndiyo inayosaidia kugandisha. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, Codex, kinaitaka jamu iwe na kati ya asilimia 60 na 65 ya vitu vilivyoyeyuka, au zaidi, na sehemu kubwa ya hivyo ni sukari. Ukiikata nusu umetengeneza matunda ya kupikwa, chakula kizuri cha friji cha kuliwa mapema, lakini si cha kukaa rafuni. Mwingine anataka jamu ya papai tupu. Papai lina asidi kidogo mno. Mpaka wa usalama ni pH 4.6. Chakula cha chupa kilicho juu ya hapo kinaweza kumlea Clostridium botulinum, mdudu ambaye mbegu zake haziuawi na maji yanayochemka, na sumu yake inapooza mwili. Papai, ndizi na embe lililoiva sana tunazigusa kwa mapishi yaliyopimwa tu, yenye limau au pasheni ya kutosha, na pH inapimwa kila fungu. Hatuonji kwa ulimi tukasema "kauchachu kapo".

Na matunda je, bado yanapanda juu? Mara chache, ndiyo. Hasa stroberi, na hasa fungu lililopikwa siku ya mvua matunda yakiwa yamejaa maji. Kilichobadilika ni kwamba fungu kama hilo halitukoseshi usingizi wala halitutumi kutafuta dawa za kificho. Lebo yetu ina mstari mmoja mdogo: koroga kabla ya kula. Nilikwenda mwenyewe Tanga kumwona yule mwenye duka, nikafungua chupa mbele yake, nikakoroga kwa kijiko, nikampakia kwenye mkate. Nikamweleza kwamba tunda lililopanda ni uzito tu, halijaharibika, na kwamba kitu cha kukagua anapopokea mzigo ni kifuniko. Alibonyeza vifuniko vyote vya katoni ile kimoja kimoja. Oda ikarudi, ndogo kuliko ya kwanza, lakini haijakatika tena.

Kikundi nacho kimebadilika. Tunaandika daftari: tarehe, uzito wa matunda, uzito wa sukari, joto la kuivia, dakika za kuchemsha, na idadi ya vifuniko vilivyokataa. Wale wasiojua kusoma kati yetu wanaitwa kushuhudia mizani. Zamani tukigombana ilikuwa ni nani ana dawa bora ya kutuliza matunda. Sasa tukigombana tunafungua daftari, na ugomvi unakwisha upesi kuliko chai.

Ndugu msomaji, kama unatengeneza jamu nyumbani, ya kuuza au ya wanao, nakusihi. Usione aibu kwa chupa iliyogawanyika, na usikubali kuificha kwa njia inayodhoofisha mzibo, inayopunguza moto au inayogusa sukari na asidi bila kipimo. Tafuta mafunzo. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wako mikoani na wanafundisha usindikaji, na ukitaka kuuza madukani, TBS, shirika la viwango, ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019, kwa hiyo waendee mapema kabla hawajakujia. Nunua vifuniko vipya kabla ya kununua lebo za kupendeza. Jua nyumba yako iko mita ngapi juu ya bahari. Na utakapokuwa mbele ya chupa, yako au uliyonunua, hukumu ni nyepesi: tunda likipanda juu, chukua kijiko ukoroge, kifuniko kikivimba, usionje, itupe mbali na watoto na mifugo.